Kila rinda lina kwao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nizungumzie picha mliyoitoa Jumamosi iliyopita, ile ya watoto wa shule wakicheza kwenye sherehe ya siku ya mataifa hapa Dar es Salaam. Chini yake mliandika kwamba wanafunzi wamevaa vazi la asili la Meksiko. Mimi ndiye niliyeshona nguo zile. Ni fundi cherehani wa Magomeni Mapipa, na mwaka huu natimiza miaka 31 kwenye kibaraza kilekile. Siandiki ili nitajwe jina. Naandika kwa sababu wasichana wanne wanaoonekana mbele katika picha ile wamevaa nguo za sehemu nne tofauti, zenye ngoma nne tofauti, nanyi mkazipa zote jina moja. Ni kama mtu awapige picha Mmakonde, Msukuma, Mmasai na Mpemba, kila mmoja na vazi lake, kisha aandike chini "vazi la Tanzania". Tungelalamika, na tungekuwa na haki.

Nieleze nilivyozijua nguo hizi, maana hata mimi nilianza kwa kukosea.

Mwezi wa tatu alikuja kibarazani mwalimu anayewafundisha watoto wale kucheza, mama wa makamo, Mmeksiko, anayezungumza Kiswahili cha kutafuta maneno lakini analolitafuta hulipata. Alikuwa na picha kwenye simu na majora mawili ya poplini aliyonunua Kariakoo. Nikaziangalia picha, nikaona sketi za duara, marinda na utepe. Nikamwambia, mwalimu, kazi hii naijua, njoo Ijumaa. Nikakata sketi ya kwanza duara moja, nikatia mpira kiunoni kama ninavyofanya siku zote kwa nguo za vikundi vya ngoma, nikashona mistari mitano ya utepe wa rangi.

Ijumaa akaja na msichana wa darasa la sita kuijaribisha. Mtoto akaniamkia, akaivaa, ikamkaa vizuri kabisa kiunoni. Mwalimu akawasha muziki wa simu. Yule mtoto akaishika sketi pande mbili, akainua mikono hadi usawa wa masikio, na hapo kitambaa kikaisha. Pindo lote la mbele lilipanda na mikono mpaka juu ya mapaja. Barabarani watu walikuwa wanapita, na mtoto akaiachia kwa haya. Niliumia kwa ajili yake. Mwalimu hakunigombeza. Alichukua futikamba iliyokuwa shingoni mwangu, akamwambia mtoto anyooshe mikono, akapima kutoka kiganja cha kulia, akashuka nayo mpaka chini ya magoti, akapanda hadi kiganja cha kushoto. "Mama," akaniambia, "hii ipime kwenye mikono. Kiuno ni cha mwisho."

Usiku ule nilikaa na penseli na vipimo vya mwalimu mwenyewe, aliyetaka ya kwake pia. Kiuno sentimita 70, urefu sentimita 95. Ukikata duara moja, pindo linatoka mita 6 na sentimita 67 hivi. Ukiunganisha duara mbili kwenye kiuno hichohicho, pindo linafika mita 12 na nusu. Hiyo ndiyo sketi yenyewe. Mita 12 na nusu za kukunja pindo kwa nguo ya mtu mmoja, na mistari mitano ya utepe juu yake inakula karibu mita 60 za utepe. Sketi moja ilinichukua siku tatu nzima. Lakini mtoto alipoivaa ya pili na kuinua mikono, kitambaa kilifunguka pande zote mbili na miguu ikabaki imefunikwa, na alipozungusha viganja, pindo likachora namba nane hewani, kila utepe ukaonekana peke yake. Nimeshona magauni mengi ya harusi katika mji huu, mengine ya fedha nyingi. Sikuwahi kuona kitambaa kikifanya kazi namna ile.

Hiyo ni ya Jalisco, jimbo la magharibi ambalo mji wake mkuu ni Guadalajara. Katika picha yenu ni msichana wa kushoto, mwenye sketi ya manjano. Mwanamume anayecheza na mwenye nguo hiyo huvaa suti ya wapanda farasi wanaoitwa charro: koti fupi, suruali ya kubana yenye safu ya vifungo vya fedha toka kiunoni hadi mguuni, na kofia pana. Ngoma yao inayojulikana dunia nzima ni jarabe tapatío, ambayo mwanamume anatupa kofia yake chini na mwanamke anacheza kwenye ukingo wake. Na viatu vyao ni ala ya muziki. Vinapigiliwa misumari midogo kwenye ncha na kwenye kisigino ili mguu ukipiga ubao usikike mbali. Nilivipeleka kwa mzee fundi viatu aliye hatua chache kutoka kwangu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akapigilia kila msumari kwa utaratibu, vichwa vimebanana, hakuna kilichozidi mwenzake. Mtoto alipokanyaga ubao wa mlango wangu mara tatu, wauza mihogo wa ng'ambo ya barabara wakageuka.

Wa pili, mwenye nguo nyeupe na aproni nyeusi iliyodariziwa maua, ni wa Veracruz, pwani ya Ghuba ya Meksiko. Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ni lesi juu ya lesi, nyepesi, nguo ya watu wa joto na unyevu, na mtu wa Dar anaielewa kabla hajaambiwa. Mwanamume wake huvaa suruali nyeupe na shati jeupe liitwalo guayabera, lenye vimarinda vyembamba vya wima kifuani, na kitambaa chekundu shingoni kinachoitwa paliacate. Jina la kitambaa hicho limetoka Pulicat, mji wa pwani ya India uliokuwa ukiuza nguo ng'ambo. Nilipoambiwa hivyo nikakumbuka neno letu leso, ambalo nalo tulilipata kwa Wareno, na bibi zetu wa pwani waliounganisha vitambaa vya namna hiyo wakapata vazi. Nikamweleza mwalimu. Akaishika kanga niliyojitanda, akauliza maandishi yake yanasema nini, na tukapoteza nusu saa ya kazi hapo.

Muziki wa Veracruz unaitwa son jarocho, na watu huucheza juu ya jukwaa dogo la mbao, miguu ndiyo ngoma. Katika kucheza wimbo wa La Bamba, wawili wanalaza utepe mwekundu mrefu chini, wanacheza juu yake, na kwa miguu tu, bila kuinama, wanaufunga fundo lenye mabawa mawili. Kisha wanaunyanyua kuwaonyesha watu. Watoto wetu walifanya mazoezi wiki tano kulipata fundo hilo. Sasa tazama fundi anatakiwa ajue nini: kama nguo hii ingekuwa na uzito wa ile ya Jalisco, isingewezekana kuikusanya mkononi ili miguu ionekane ikifanya kazi. Ndiyo maana ni lesi.

Nilimuuliza mwalimu mbona mapigo yale nayasikia kama ya kwetu. Akakaa chini kwenye kigoda, akaniambia Veracruz ndiyo bandari walikoshushwa Waafrika waliouzwa utumwani. Wengi walitolewa upande wa magharibi wa bara letu, Angola, Kongo na kwingineko. Mwanzoni mwa karne ya 17 kiongozi wao mmoja aliyeitwa Yanga alipigana na Wahispania milimani mpaka wakakubali watu wake wawe na mji wao huru, na mji huo leo unaitwa Yanga. Rais wa pili wa Meksiko, Vicente Guerrero, alikuwa na asili ya Afrika, na ndiye aliyefuta utumwa mwaka 1829. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na hayo yote niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshika mkasi.

Akanionyesha na ngoma ya weusi wenyewe, kwa upande wa Bahari ya Pasifiki, pwani wanayoiita Costa Chica, katika majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Inaitwa Ngoma ya Mashetani, na huchezwa siku za kuwakumbuka marehemu, mwanzoni mwa Novemba. Hapo hakuna lesi wala puleki. Wanavaa nguo zilizochakaa na kuchanikachanika, na vinyago vyenye ndevu na manyoya ya mkia wa farasi. Ala mojawapo ni taya la punda au farasi lenye meno yake, linakwaruzwa na kugongwa. Wanacheza wameinama, miguu inakanyaga ardhi kwa nguvu. Nilipoona vinyago vile nilifikiria Newala na vinyago vya Wamakonde, ingawa najua njia zao hazikukutana. Watu hawa waliingizwa kwa jina katika katiba ya Meksiko mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 na nusu waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Muda wote huo kabla ya hapo, ngoma yao na mavazi yake yaliyochanika ndiyo yaliyokuwa yakiwatambulisha.

Wa tatu katika picha ni yule aliyebeba sinia kichwani. Nguo yake pia ni nyeupe, lakini haina duara hata kidogo. Imeshuka wima, mapande matatu: la juu ni ukosi mpana wa mraba uliodariziwa maua, la kati ni nguo yenyewe yenye darizi pindoni, na la chini ni sketi ya ndani inayotokeza kwa makusudi, nayo imedariziwa. Hiyo ni ya Yucatán, nchi ya Wamaya, na ngoma ni jarana. Mwili unakaa wima, kazi yote iko miguuni, ndiyo maana wanaweza kucheza na sinia la glasi au chupa kichwani bila kumwaga. Hapo watoto wetu hawakupata taabu. Wapo waliokua wakimwona mama akipeleka sinia la vitumbua kichwani kila alfajiri. Na kuna jambo jingine katika jarana: katikati ya ngoma mtu anapiga kelele "bomba!", muziki unanyamaza, anatoa beti za mapenzi au za kijembe, watu wanacheka, muziki unarudi. Mwalimu alipotueleza hivyo, mteja wangu mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake, mama mpenzi wa taarabu, akatunga beti mbili palepale.

Wa nne ndiye mwenye blauzi fupi na sketi ya mahameli nyeusi, maua makubwa mekundu na ya manjano, na pindo la chini la lesi nyeupe iliyopigwa marinda na wanga. Hilo ni vazi la wanawake Wazapoteki wa Tehuantepec, katika jimbo la Oaxaca, na ndilo alilokuwa akilivaa mchoraji Frida Kahlo. Nikisema ukweli, maua yale sikuyadarizi kwa mkono. Nilitumia mashine ya mwenzangu wa Ilala, na mtu wa Tehuantepec angelijua hilo kwa mbali. Maua yenyewe yana safari ndefu. Inasemwa yalitokana na mitandio ya hariri iliyodariziwa China na kusafirishwa kupitia Manila, maana kutoka mwaka 1565 hadi 1815 merikebu za Wahispania zilikuwa zikivuka kati ya Manila na Acapulco. Kwa merikebu hizohizo, katika karne ya 17, aliletwa mtumwa mwanamke kutoka India, aliyekuja kuitwa Catarina de San Juan na kufariki katika mji wa Puebla mwaka 1688. Watu walimhusisha na vazi jingine maarufu, china poblana, lenye sketi nyekundu ya puleki ambayo ndiyo huvaliwa kwa jarabe tapatío rasmi. Wanahistoria wanasema vazi hilo ni la baadaye sana, karne ya 19, halikuwa la kwake. Lakini watu waliona nguo nzuri, wakataka iwe na mtu iliyotoka kwake.

Huko Oaxaca, kila Julai, Jumatatu mbili zinazofuata tarehe 16, watu wa mikoa yote minane ya jimbo hupanda kwenye kilima cha Fortín mjini na kucheza mbele ya maelfu ya watu. Sikukuu hiyo inaitwa Guelaguetza, neno la Kizapoteki lenye maana ya kupeana na kusaidiana: leo kwako, kesho kwangu. Kila kundi likimaliza kucheza huwarushia watazamaji vitu vya kwao, mananasi, maembe, mikate, kofia. Kuna ngoma moja hapo nataka isomwe vizuri na kila kiongozi wa kikundi cha ngoma hapa mjini. Ni ngoma ya ua la nanasi, ya eneo la Tuxtepec. Wanawake wanapanga mstari, kila mmoja na nanasi begani. Siyo ya kale. Ilitungwa mwaka 1958 na mwalimu Paulina Solís, kwa sababu eneo lile lilihitaji ngoma ya kupeleka kwenye sikukuu. Ila katika mstari ule mmoja kila mwanamke anavaa huipil ya kijiji chake, nguo iliyofumwa na kudariziwa kwa alama za kwao, na mwenye kujua anautazama mstari na kuvitaja vijiji kimoja baada ya kingine. Ngoma ni changa, nguo ni za mababu. Hawakuona sababu ya kuwashonea sare.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Meksiko nao walifika huko kwa kusukumwa. Mwaka 1919 mchezaji wa Urusi, Anna Pavlova, alikwenda Jiji la Meksiko na kucheza jarabe kwa viatu vyake vya kusimamia ncha za vidole, na wakubwa waliokuwa wakiiona ngoma ya mitaani wakaanza kuipigia makofi. Miaka ya 1920, José Vasconcelos akiwa waziri wa elimu, walimu walitumwa vijijini, wakafundisha na kukusanya nyimbo na ngoma, na jarabe ikafundishwa mashuleni nchi nzima hata kwa watoto ambao kwao haikuwepo. Mwaka 1952 Amalia Hernández akaanzisha kundi lake la dansi akiwa na wachezaji wanane tu, likaja kuwa kundi kubwa linalocheza kwenye jumba la Bellas Artes toka mwaka 1959. Wapo wanaomlaumu kwamba alipanua sketi, akakoleza rangi, akazifanya ngoma za kijiji kuwa za jukwaani. Mimi kama fundi nawaelewa wanaolaumu. Ile sketi ya mita 12 na nusu ni ya jukwaani, bibi wa shambani asingeipata. Hata hivyo alipoitanua ya Jalisco aliiacha ya Jalisco, na ya Yucatán akaiacha wima.

Siku ya mwisho ya kujaribisha, mwalimu aliona njuga zangu zimening'inia ukutani, ambazo kikundi kimoja kiliniachia nizibadilishie kamba. Akazishusha, akazitikisa, akasema kwao kaskazini, Sonora, Wayaqui wana ngoma ya swala. Mchezaji anafunga kichwa cha swala juu ya kichwa chake, kifua wazi, na miguuni anazungusha mikufu mirefu ya vifuko vikavu vya viwavi vilivyotiwa vijiwe ndani. Kila hatua inanong'ona kama majani makavu. Mpigaji mwingine anapiga kibuyu kilichofunikwa juu ya maji. "Ukimvua hivyo vya miguuni," alisema, "swala amekufa kabla ya mwindaji kufika." Nilimwambia Pemba kuna ngoma ya msewe, na jina lake ndilo la kile wanaume wanachofunga miguuni ili kilie.

Hapo ndipo lilipo donge langu, Ndugu Mhariri. Mwezi wa tano, nikiwa bado na mabaki ya utepe wa Jalisco mezani, alikuja mwenyekiti wa kikundi kimoja cha ngoma cha hapa mjini, kijana mwenye heshima, nimemshonea miaka mingi. Akasema, "Shikamoo mama. Safari hii tunataka sare moja itakayokwenda na ngoma zote." Kitenge cha njano na kijani, top na sketi fupi kwa wasichana, kibwaya na utepe wenye madoa ya chui kichwani kwa wavulana. Wanacheza hotelini na kwenye mikutano, nusu saa, sindimba, bugobogobo na mganda mfululizo, hakuna nafasi ya kubadilisha wala fedha ya kushona seti tatu. Simlaumu. Sare kama hizo nimezishona mimi mwenyewe kwa mamia, na zimesomesha watoto wangu. Lakini safari hii mkasi ulikuwa mzito.

Maana mganda ni ngoma ya watu wa Ziwa Nyasa, na vazi lake ni shati jeupe, kaptula nyeupe na soksi ndefu, wanaume wamepanga mistari kama askari kwenye gwaride. Ngoma ile inawakumbuka babu zetu waliochukuliwa vitani na wakoloni, wakarudi wamejua kupanga mstari. Ukimvika mchezaji wa mganda kibwaya na madoa ya chui, mtazamaji atajua nini? Bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma ya kulima, jembe liko mkononi, na nguo inatakiwa iwe ya mtu anayeweza kuinama na kulirusha jembe juu. Sindimba ya Wamakonde inataka nguo ifungwe nyongani, chini ya kiuno, kwa sababu ngoma yote iko pale. Ukishona mpira kiunoni umehamisha macho ya watu.

Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 alilisemea jambo hili, kwamba tulijifunza rumba na chachacha huku wengi wetu hatujawahi hata kusikia gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama. Alizitaja kwa majina. Hakusema "ngoma za asili" akaishia hapo. Leo mimi nikifungua magazeti yetu, lenu likiwemo, naona picha za mapokezi ya viongozi na wageni, na chini yake: "Kikundi cha ngoma za asili kikitumbuiza." Ngoma gani? Ya wapi? Wamevaa nini, na kwa nini? Kama gazeti haliulizi, mwenyekiti wa kikundi naye hatakuwa na sababu ya kutumia fedha ya ziada, na fundi atapewa kitenge kilekile.

Ninachoomba ni kidogo. Mpiga picha wenu akimaliza kupiga, amuulize mchezaji mmoja maswali mawili: ngoma hii inaitwaje na ni ya wapi. Ayaandike chini ya picha. Ya watoto wale nimewaandikia hapa, kutoka kushoto kwenda kulia: Jalisco, Veracruz, Yucatán, Tehuantepec. Mkiweza, yachapeni Jumamosi hii, watoto wanasubiri kuyaona.

Na kwa wasomaji nina ombi jingine. Yule mwenyekiti nilimwambia nitamshonea seti ya pili bila fedha ya ufundi, alete kitambaa tu, kwa sharti kwamba iwe ya ngoma moja na ivaliwe kwenye ngoma hiyo peke yake. Amekubali, na wasichana wake wamechagua lelemama, kwa kuwa wawili kati yao bibi zao waliicheza hapa hapa mjini, enzi zile vyama vya akina mama vikishindana kwa sare na kwa nyimbo. Nataka kuishona kama walivyoivaa wenyewe. Yeyote mwenye picha ya zamani ya mama yake au bibi yake akiwa kwenye lelemama, iwe ya Kariakoo, Ilala, Gerezani au Magomeni, naomba aniletee kibarazani niutazame mkono ulivyokatwa na kanga ilivyofungwa. Hata iwe imefifia. Nitaichora kwenye karatasi mbele yake, na picha ataondoka nayo siku hiyohiyo.

Wako,
Mama Rehema,
Fundi cherehani,
Magomeni Mapipa, Dar es Salaam.